Dawa Iliyokufa Njiani

Siku ya nane baada ya watoto kuchanjwa ndui, Loisi aliwatoa nje ya nyumba yao ya tembe mapema, baridi ikingali inauma, akawakalisha ukutani upande wa mawio na kuwafunua mikono. Alianza na Ruthu, binti yake wa miaka kumi na minne, akamalizia na Yoramu, ambaye ndiyo kwanza ameng'oka jino la mbele. Aliwatazama, akawageuzia kwenye mwanga, akawatazama tena. Palipochanjwa palikuwa na mikwaruzo miwili midogo iliyokwisha kukauka, kama ya mtoto aliyepita kwenye miiba akifukuza mbuzi. Hapakuvimba. Hapakuwa na lengelenge wala joto.

"Panauma?" aliuliza.

"Hapaumi hata kidogo," alijibu Ruthu. "Si ndiyo vizuri?"

"Si vizuri."

Loisi alishusha kaniki begani akajitazama mwenyewe. Kovu lake lilikuwa pana kama mbegu ya boga, limebonyea katikati. Alichanjwa alipokuwa msichana akisoma misheni, na hajasahau jinsi mkono ulivyovimba siku ya nane mpaka kwapani, akalala na homa siku mbili huku mwalimu wake akifurahi kama aliyeona wingu la mvua. "Ikivimba imeshika," mwalimu alimwambia. "Isipovimba ni kazi bure, uchanjwe tena."

"Mlinawa nyie?" aliwauliza watoto.

"Mama!" Ruthu alikasirika kweli. "Bwana Abdulkadiri alisema tusipaguse mpaka pakauke. Mimi siku ile nilikaa juani kutwa nzima mkono juu kama mtu anayeita ng'ombe. Huyu naye nilimfunga mkono wa pili asijikune. Muulize."

"Alinifunga," Yoramu alithibitisha. "Akanifunga na kwenye mti."

Jirani yao Anyesi alikuwa akipita na mtungi kichwani. Yeye pia alikuwa na watoto wawili, na aliwapeleka kuchanjwa kwa sababu alimwona Ruthu akitangulia mbele ya mstari mzima, akicheka, mkono tayari umeshanyooshwa wakati watu wazima wanasukumana nyuma. Loisi alimwuliza mikono ya wanawe ikoje.

"Mizuri," alisema Anyesi. "Haina hata kidonda."

Loisi aliingia ndani, akatwaa kibuyu cha maji ya njiani, akawaambia watoto wamfuate.

*

Kutoka kijijini kwao Kikuyu mpaka stesheni ya Dodoma si mbali. Ulikuwa mwaka wa pili tangu gari la moshi lifike, na kando ya reli walikuwa wamepiga hema la dawa, na mbele yake meza, na mbele ya meza watu. Nyuma ya meza alikaa Abdulkadiri, msaidizi wa daktari, kijana wa Kondoa aliyevaa koti la kaki lenye vifungo vya shaba na kofia nyeupe iliyofuliwa vizuri. Alikuwa na sifa moja iliyomfanya apendwe: akikuchanja alikuomba radhi kwanza.

Loisi alingoja mpaka jua likawa utosini. Zamu yake ilipofika aliamkia, akaitikiwa, akawasogeza watoto mezani.

"Bwana Abdulkadiri, mikono haikuvimba."

Abdulkadiri alifungua daftari, akapitisha kidole. "Kikuyu. Mji wa Matonya. Watoto wawili. Wamekwisha chanjwa, mama."

"Najua wamechanjwa, nilikuwapo. Nasema haikuvimba. Watazame."

Aliwatazama. Alibonyeza kwa kidole gumba mkono wa Ruthu, kisha wa Yoramu, kisha akarudi kwa Ruthu kana kwamba safari ya pili ataona kitu kingine. Halafu akageuka kulitazama hema.

"Wengine huchelewa," alisema.

"Huchelewa siku ngapi?"

"Inategemea."

"Mimi sikuchelewa." Loisi alimwonyesha kovu lake. "Na watoto wa jirani yangu nao wanachelewa? Wote kwa pamoja?"

Kijana aliinamia daftari na kusema kwa sauti ya chini, "Mama, nenda nyumbani. Nakuomba."

Hapo daktari akatoka hemani. Alikuwa Mdachi mrefu, uso umeungua na jua, jasho likimtiririka shingoni. Aliuliza kuna nini, na Abdulkadiri akamjibu kwa Kidachi maneno machache, yasiyotosha kuwa yote aliyoyasema Loisi. Daktari alitupia mikono ya watoto jicho moja.

"Wewe nawisha," alimwambia Loisi kwa Kiswahili chake. "Mimi natia dawa, wewe enda nyumbani, nawisha. Watu wote hapa nafanya hivi."

"Sikunawisha, bwana."

"Nawisha, au futa na majani. Mimi najua watu hawa." Aliwageukia waliokuwa mstarini, akaongeza sauti huku akicheka. "Yeye nafuta dawa ya serikali, halafu nakuja kulia!"

Watu wakacheka. Wengine walicheka kwa sababu daktari amecheka, wengine kwa sababu hawakuelewa, na mmoja alicheka kwa vile ndivyo alivyofanya yeye, akafurahi kuona mwingine ameshikwa. Ruthu alifungua kinywa aeleze habari ya kukaa juani kutwa, mama yake akamfinya mkono anyamaze.

"Basi wachanje tena, bwana," Loisi alisema. "Wako hapa, hatujaenda mbali."

"Dawa kwisha. Ondoka."

Njiani kurudi, Yoramu aliuliza kwa nini yule bwana anazungumza kama mtoto mdogo. Ruthu alicheka mpaka akashika mbavu. Loisi hakucheka.

*

Wiki sita baadaye ndui ikaja. Ilifuata reli kama kila kitu kilivyofuata reli miaka ile, chumvi, nguo, askari na wagonjwa. Ruthu alikuwa akipeleka maziwa stesheni kila asubuhi, na siku moja alirudi na kibuyu kikiwa nusu, akasema mgongo unamuuma na kichwa kinataka kupasuka. Alijilaza juu ya ngozi, yeye ambaye mchana hakuwahi kulala hata siku moja.

Bibi wa watoto, mama yake Matonya mume wa Loisi, alimwekea kiganja shingoni. Kisha akamtoa Loisi nje.

"Mwanangu, huu nimeshauona. Mwaka ulioniachia alama hizi ulianza hivihivi." Uso wake ulikuwa na matundu ya zamani yaliyochanganyika na makunyanzi. "Upele haujatoka bado. Ukitoka, tuchukue usaha kidogo tumchanje nao Yoramu mkononi. Wazee walifanya hivyo. Wengi walipona."

"Na wasiopona?"

"Na wasiopona wapo. Sikufichi."

Loisi alisimama ameshika mwimo wa mlango. Angeweza kukubali, maana aliijua njia ile na alijua kwamba haikuwa ujinga. Lakini kumchukulia mtoto mmoja ugonjwa na kumtia mwenzake kwa mkono wake mwenyewe hakuweza.

"Mchukue Yoramu sasa hivi, mama," alisema. "Mpeleke Nzuguni kwa shangazi yake. Usingoje upele. Huku nitabaki mimi, mimi nilichanjwa ikashika."

"Na mume wako?"

"Naye akae na ng'ombe huko huko machungani. Nitamwekea chakula kwenye ua."

Bibi aliondoka na mjukuu wake kabla jua halijazama. Yoramu alikuwa analia anataka kumuaga dada yake, na hakuruhusiwa.

Siku ya nne upele ukatoka mdomoni kwanza, halafu usoni, halafu viganjani na nyayoni. Loisi alifanya kama misheni walivyomfundisha. Hakumficha mgonjwa. Alikwenda kwa Akida Makame, mtu wa pwani aliyewekwa na serikali kusimamia vijiji vya pale, akasimama mbali na baraza yake na kupaza sauti kwamba kwake kuna ndui, anaomba dawa na anaomba watoto wa Kikuyu wachanjwe upya. Akida alimsikiliza huku amejiziba pua kwa kanzu. Alimwambia arudi nyumbani, ataitwa.

Aliitwa siku ya tatu. Hakuitwa apewe dawa.

*

Barazani walikuwapo Akida kitini, askari wawili, na Abdulkadiri amesimama na daftari lake. Matonya alikuwa ameletwa kutoka machungani, bado ameshika fimbo ya kuchungia. Loisi alisimamishwa peke yake kwenye mchanga, mbali na watu, na ule umbali ulimfanya aonekane mdogo.

"Serikali imetoa dawa," Akida alianza. "Bwana Daktari ameandika kwamba vijiji hivi vimechanjwa vyote, na barua imekwenda. Leo ndui iko Kikuyu. Bwana Daktari anauliza, na mimi naulizwa. Abdulkadiri, daftari linasemaje?"

"Linasema watoto wa Matonya wamechanjwa, Bwana Akida."

"Nani aliwachanja?"

"Mimi."

"Aliyechanjwa huugua ndui?"

"Ikishika, haugui."

"Basi dawa ilifutwa."

"Bwana Akida," Loisi alisema, "mwulize kama dawa yenyewe ilikuwa nzima. Siku ya nane nilimpelekea watoto. Mwulize aliona nini."

"Hujaulizwa, mwanamke."

"Namwuliza mimi basi. Bwana Abdulkadiri, uliona nini?"

Kengele ya mbuzi ilisikika kutoka ng'ambo ya korongo. Abdulkadiri alilitazama daftari. Alilitazama kwa muda mrefu, wakati ukurasa uliofunguliwa ulikuwa na mistari michache tu. Loisi alimwona akifungua kinywa, akaona pia askari aliyesimama nyuma yake akibadilisha mguu, basi. Kinywa kikafungwa.

"Mwanamke hatumchapi hapa," alisema Akida. "Lakini mwanamke ana mwenyewe. Matonya, mtu asiyeweza kumzuia mkewe kufuta dawa ya serikali ndiye amefuta. Hamsa ishirini."

Walimlaza kifudifudi palepale wakamchapa fimbo ishirini na tano. Loisi alihesabu kwa sababu hakuweza kuacha kuhesabu. Matonya hakulia mpaka ya kumi na nane. Ilipofika hapo alitoa sauti moja tu, kama ndama, na baada ya hapo hakunyamaza mpaka mwisho.

Njiani Loisi alimfuata nyuma. Hakuthubutu kumshika. Kwenye njia panda ya Kikuyu mumewe alisimama bila kugeuka.

"Mama Ruthu. Uliwanawisha?"

"Hapana, Baba Ruthu."

"Hata bila kujua? Hata kwa kuwaosha vumbi?"

"Hapana."

Akachepuka kwenda kwa ng'ombe wake, mgongo wake ukiwa umefunikwa na nzi. Kama angempiga, Loisi angejua la kufanya. Lile swali la pili alikwenda nalo mpaka nyumbani.

*

Ruthu alikuwa macho, ingawa macho yenyewe yalikuwa yameziba. Alitambua hatua za mama yake.

"Walikuuliza nini?"

"Waliuliza kama mlinawa."

"Uliwaambia nilikaa juani?"

"Sikupewa nafasi."

"Ungewaambia." Alikuwa akizungumza taratibu kwa sababu ulimi nao ulikuwa na upele. "Kwapa liliniuma siku ile. Yoramu alinicheka, nikavumilia." Akapumua. "Uso wangu ukoje?"

"Umevimba kidogo."

"Nipe bakuli la maji nijitazame."

"Macho yako hayaoni sasa, mama yangu. Yakifunguka."

"Haya. Yotham mchumba wangu akija na wazee wake kuleta mahari, mwambie ng'ombe mmoja wabaki naye. Kwa uso huu wote watatu hatutapewa."

Loisi alicheka kwa sababu binti yake alitaka acheke. Alimpaka samli midomoni, akambadilishia majani ya kulalia, maana ile ngozi ya ng'ombe ilikuwa inagandamana na mwili na kila akigeuzwa ilibanduka na ngozi yake. Harufu aliizoea. Hakuzoea kitu kimoja: kila alipotoka kumwaga maji alizitazama zile tembe nyingine, moshi ukifuka, watoto wakicheza, akajua kwamba mikono ya wote wale ilikuwa safi, haina kovu, na kwamba kila nyumba ilikuwa inafurahia hilo.

Ruthu alikufa siku ya kumi na moja, asubuhi, katikati ya uji. Alikuwa amekunywa vijiko vitatu. Cha nne kilitoka pembeni ya mdomo, na Loisi akamfuta, akachota kingine, akakaa nacho hewani.

Waliomzika ni Matonya na Loisi, wawili tu. Watu wa Kikuyu walikuwa wakiogopa, na walikuwa na haki ya kuogopa. Anyesi peke yake ndiye aliyekuja, akasimama nje ya ua wa minyaa, akaweka chini chungu cha uji wa uwele na kuita, "Mama Ruthu, nimeacha hapa," kisha akarudi nyuma hatua kadhaa na kubaki amesimama mpaka kaburi lilipofukiwa. Jioni ile askari walikuja wakachoma ngozi, majani, vibuyu na nguo. Mmoja aliuliza kama kuna kitu kingine cha marehemu. Loisi alimpa ushanga. Baadaye alijuta, maana ushanga haukuwa na ugonjwa wowote, ungechemshwa tu.

*

Mwezi ulipita, na nusu ya mwingine. Nyumba tatu nyingine ziliugua, halafu ikaonekana kama imetulia. Bibi akamrudisha Yoramu, akiwa mnene na mkaidi. Ndipo mpiga mbiu wa Akida alipopita kutangaza kwamba dawa mpya imekuja, wote wakusanyike Kikuyu kwenye uwanja wa mnada, na atakayekosa atajua.

Safari hii daktari hakuja. Alikuwa amehamia mbele, reli inakojengwa. Alikuja Abdulkadiri na askari mmoja, na mtungi wa udongo uliofungwa nguo mbichi shingoni. Alikuwa amekonda. Watu walijipanga wapatao sitini, kimya, kila mmoja ameshika mtoto wake kifundo cha mkono. Anyesi alikuwa wa tatu na wanawe wawili. Loisi alitoka nyuma akiwa na Yoramu, akapita mstari wote mpaka mezani. Matonya alikuwa pembeni na wanaume.

"Mbukwa, Bwana Abdulkadiri."

"Mbukwa, mama." Hakuinua uso. "Pole na msiba."

"Nimeshapoa. Nimemleta huyu aliyebaki. Lakini kabla hujamgusa, nakuuliza mbele ya hawa. Ile ya kwanza ilikuwa nzima?"

Askari alisogea. Abdulkadiri alimwinulia mkono asubiri. Loisi alidhani atalitazama daftari tena. Akalifunga.

"Haikuwa nzima," alisema.

"Sema wasikie."

Akasimama. "Dawa hii inatokana na ndama, na ikipigwa na joto inakufa. Ile ya kwanza ilikaa stesheni siku nne ndani ya behewa la bati, juani. Nilipofungua vichupa nilijua, maana vilikuwa vimebadilika rangi. Nilimwambia Bwana Daktari. Alisema barua ya wilayani inataka hesabu ya waliochanjwa, haitaki hesabu ya mikono iliyovimba. Nikachanja. Mikono ya Ruthu binti Matonya na ya ndugu yake niliiona siku ya nane. Haikunawishwa. Mama huyu alisema kweli, nami nilinyamaza akachapwa mumewe." Akavuta pumzi. "Hii ya leo ni nzima. Nimeibeba mimi mwenyewe kutoka stesheni, ndani ya maji. Wallahi ni nzima."

Lakini maneno yale ya mwisho hayakumfikia mtu. Mstari ulikuwa umeanza kuvunjika kutoka nyuma. Mwanamume mmoja alisema, "Kumbe wanatuchanja vitu vilivyokufa," mwingine akasema, "Leo nzima, kesho atasema ilikuwa imekufa," na mama mmoja aliyebeba mtoto mchanga akageuka bila kusema kitu na kutembea haraka. Askari alipiga kelele, akamkamata mzee mmoja, wengine watano wakapita. Watu hawakukimbia. Waliondoka tu, kama watu wanaotoka mnadani bei ilipokataa.

Anyesi alikawia zaidi kidogo kuliko wengi. Alimtazama Abdulkadiri, akautazama mtungi, akamtazama Loisi. Mtoto wake mdogo, Sostenes, alikuwa anamvuta kaniki akitaka kwenda.

"Anyesi, ngoja," Loisi alisema. "Hii ni nzima. Mimi namchanja wangu. Tazama."

"Mara ya kwanza nilimtazama wako," alijibu Anyesi, bila hasira. Akawashika wanawe, akaenda.

Waliobaki hawakuzidi kumi. Abdulkadiri alimchanja Yoramu, akamwomba radhi kwanza kama desturi yake. Kabla ya adhuhuri Akida alikuwa ameshapata habari. Askari walimfunga Abdulkadiri kamba mikononi wakamwongoza njia ya stesheni. Wengine walisema alirudishwa Kondoa, wengine kwamba alipelekwa kubeba mizigo upande wa magharibi. Kikuyu hakuonekana tena.

Jioni Matonya alikuja nyumbani na mzigo wa kuni begani. Katika miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kumkatia mkewe kuni, na kwa ule mgongo uliokuwa haujapona sawasawa mzigo ule lazima ulimuumiza. Aliuweka karibu na mafiga, akaupanga vizuri.

"Nimesikia," alisema.

Loisi alimwandalia ugali na mlenda, wakala pamoja.

*

Mkono wa Yoramu ulivimba siku ya nane, lakini ndui haikuwa imekwisha. Ilirudi wakati wa mavuno, na safari hii haikuchagua nyumba moja moja. Ilipoingia kwa Anyesi ilimchukua kwanza Sostenes, mtoto wa miaka minne, kwa siku sita tu, kisha ikamlaza dada yake.

Loisi alikwenda siku ileile aliyosikia. Hakuita kwenye ua. Aliingia moja kwa moja mpaka ndani, palipokuwa na giza na ile harufu anayoijua. Anyesi alikuwa amekaa chini na kichwa cha binti yake mapajani. Hakushangaa kumwona.

"Umekula?" Loisi aliuliza.

"Sijui."

Loisi alikoka moto, akachemsha maji, akatoa majani machafu na kuingiza mengine. Alifanya kazi kwa muda mrefu. Mtoto alikuwa akikoroma kwa pumzi fupifupi. Mwishowe Anyesi alisema, huku akiendelea kumpungia nzi binti yake:

"Mama Ruthu, nataka kukuuliza kitu, usione nakugombeza. Uliijua dawa. Ulijua ile ya pili ni nzima, ndiyo maana ulimshika Yoramu. Ungekuja hapa kwangu jana yake, ukaniambia peke yangu, ningewapeleka. Ningewashika kwa nguvu wakachanjwa. Kwa nini ulimwuliza pale, mbele ya watu wote?"

Loisi alikuwa na jibu ambalo alijipa mwenyewe siku nyingi, kwamba watu wana haki ya kujua. Lilikuwa jibu zuri. Alilitafuta sasa, akaliona halifai kutolewa ndani ya nyumba hii.

"Nilitaka wasikie kwamba sikumnawisha mwanangu," alisema. "Nilitaka Baba Ruthu asikie. Sikuwaza jingine."

Anyesi aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyetajiwa njia aliyokuwa anaidhania.

"Wamesikia," alisema.

Halafu akasogea, akapitisha mkono chini ya mabega ya binti yake. "Shika miguu. Tumgeuze upande huu, ule umeshachubuka wote."

Loisi akashika miguu.